Maswali ya Wasomaji: Mkanda wa Nje wa Injini Ubadilishwe Lini?

Barua tulizozichagua kwa toleo hili zinahusu kifaa kimoja tu, nacho ni ule mkanda mrefu wa raba unaoonekana ubavuni mwa injini mara unapofungua boneti, ukipita juu ya puli hii (gurudumu dogo lenye mifereji) na chini ya ile kama nyoka anayekatiza vijiti. Mafundi wengi wanaendelea kuuita fenibelti. Jina hilo limebaki kutoka enzi ambazo kazi yake kubwa ilikuwa kuzungusha feni ya rejeta, ingawa katika magari mengi ya sasa feni hiyo ina mota yake ya umeme na mkanda hauigusi kabisa; kazi yake sasa ni kuzungusha vifaa kama alteneta inayojaza betri, kompresa ya kiyoyozi na, mara nyingi, pampu ya maji. Katika majibu haya tutauita mkanda wa nje, ili msomaji asiuchanganye na mkanda wa taiming, ule unaopatanisha mwendo wa vali na wa pistoni, uliofichwa ndani ya kifuniko chake.

SWALI: Gari langu limetembea kilomita 95,000 na mkanda wa nje haujawahi kubadilishwa. Fundi mmoja amenishauri nisubiri mpaka uanze kupasuka au kulia, na mwingine amesema niubadilishe sasa kwa sababu umefikia umri wake. Nimeumulika kwa tochi na sikuona ufa hata mmoja. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wa kwanza anakupa kanuni iliyokuwa sahihi kwa mikanda ya zamani, na kwa kuwa kanuni hiyo ilifundishwa kwa miaka mingi, bado inarudiwa na watu wenye nia njema kabisa. Mikanda ya wakati huo ilitengenezwa kwa raba ya neopreni, ambayo ikipikwa na joto la injini kwa muda mrefu hukakamaa na kupasuka mipasuko midogo inayokata matuta ya mkanda kwa upana. Fundi alihesabu nyufa hizo, na akikuta tatu au zaidi kwenye tuta moja ndani ya kipande cha inchi 3, yaani karibu sentimita 7 na nusu, alijua kwamba mkanda umekwisha. Mikanda hiyo kwa kawaida ilidumu kati ya kilomita 80,000 na 100,000.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, watengenezaji walianza kuhamia kwenye raba ya aina nyingine inayojulikana kwa herufi EPDM, na leo karibu kila mkanda mpya unaofungwa kiwandani ni wa raba hiyo. EPDM inavumilia joto na baridi vizuri zaidi, na mkanda wake unaweza kufika hata kilomita 160,000. Lakini sifa yake nzuri ndiyo inayotupotosha tunapoukagua kwa macho, kwa sababu mkanda huo hauna tabia ya kupasuka unapozeeka. Unalika polepole kama soli ya kiatu, na unaweza kubaki mweusi, laini na usio na ufa huku ukiwa umeshapoteza uwezo wa kushika puli. Kwa hiyo kutoona ufa kwa tochi yako hakuthibitishi kwamba mkanda ni mzima. Kunathibitisha tu kwamba huenda ni wa EPDM.

Ili uelewe kwa nini kulika huko kuna madhara, tazama umbo la mkanda kwa upande wa ndani. Una matuta marefu yanayofuatana na urefu wake, mara nyingi 4 hadi 8, na kati ya tuta na tuta kuna mfereji. Matuta hayo huingia kwenye mifereji ya puli na kubana kwa mbavu zake mbili, kama kabari inavyobana ndani ya mti, na mkanda ukiwa mpya vilele vya matuta havifiki chini kabisa ya mifereji ya puli. Pale ndipo nguvu ya kuvuta inapotoka. Mbavu zikilika, matuta yanazama zaidi hadi yanagusa chini, na kabari inakuwa haibani tena. Isitoshe, ile nafasi ndogo ambayo maji ya mvua yalikuwa yakipitia huziba, na mkanda huteleza kila unapolowa. Watengenezaji wanasema kwamba kupotea kwa asilimia 5 hadi 10 tu ya raba ya matuta kunatosha kuleta mtelezo, na kiasi hicho hakionekani kwa jicho la mtu asiyezoea.

Kipo kipimo kidogo cha plastiki, kinachotolewa na watengenezaji wa mikanda, ambacho fundi hukilaza kwenye mifereji. Kikibaki kimeinuka juu ya vilele vya matuta, mkanda bado una nyama. Kikizama mpaka kikalingana navyo au kushuka chini yake, umelika. Ukikosa kipimo hicho, chukua mkanda mpya wa namba ileile na uulinganishe na wako: mfereji wa mkanda mpya ni mwembamba na una mbavu zilizonyooka, ilhali wa mkanda uliolika umepanuka na sehemu yake ya chini imekuwa bapa.

Kwa kilomita 95,000, mimi ningeanza na kitabu cha gari, kwa sababu mtengenezaji wa injini yako ndiye anayejua mzigo alioutwika mkanda huo. Kama kitabu hakisemi au hakipo, ningetafuta kipimo mwezi huu huu, na kama kipimo nacho hakipatikani, ningeubadilisha kabla ya safari ndefu inayofuata bila kusubiri ulie. Fundi wako wa pili hakukueleza sababu, lakini ushauri wake ndio salama.

SWALI: Naendesha teksi. Tangu mkanda mpya ufungwe, gari limetembea kilomita 50,000 tu, lakini fundi ameutazama na kusema umekwisha. Nahisi ananitafutia gharama. Je, mkanda unaweza kuisha kabla hata ya kufika nusu ya kilomita ulizotarajiwa kufika?

JIBU: Unaweza, na ningekuomba usimhukumu fundi wako kabla hatujapiga hesabu pamoja. Dashibodi inahesabu mwendo wa magurudumu. Mkanda unafuata injini, na injini inazunguka hata gari likiwa limesimama kwenye foleni au kituoni ukisubiri abiria huku kiyoyozi kikifanya kazi.

Tuchukue puli ya krenkishafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na injini, yenye kipenyo cha milimita 150 na mkanda wenye urefu wa mita 2, vipimo ambavyo si vigeni katika magari madogo. Kila injini inapozunguka mara moja, puli hiyo inavuta karibu sentimita 47 za mkanda. Injini ikiwa kwenye mizunguko 750 kwa dakika, yaani imeachwa ingurume tu gari limesimama, mkanda unapita zaidi ya mita 350 kila dakika na kukamilisha duara lake mara 176 hivi. Kwa saa moja ya kusimama ni zaidi ya mara 10,000, na katika kila duara mkanda umekunjwa upande mmoja kwenye puli hii na kukunjwa upande wa pili kwenye puli ile, wakati dashibodi haijaongeza hata kilomita moja.

Sasa linganisha magari mawili. Lako, likiwa na mwendo wa wastani wa kilomita 20 kwa saa kwa sababu ya foleni na kusubiri, limetumia saa 2,500 za injini kufikisha kilomita 50,000. Gari la mtu anayesafiri barabara kuu kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa litakuwa limetembea kilomita 125,000 kwa saa hizohizo. Ongeza joto linalojikusanya chini ya boneti wakati gari limesimama na hakuna upepo wa kulipooza, na vumbi linaloingia kwenye mifereji na kusaga raba kama msasa, utaona kwamba mkanda wako si mchanga kama unavyodhani. Kwa magari ya kazi kama lako napendekeza mkanda ukaguliwe kila oili inapobadilishwa, na uamuzi ufuate hali ya mkanda wenyewe. Mwombe fundi akuonyeshe mfereji uliopanuka au ukingo ulionyambuka. Fundi mkweli hatakataa kukuonyesha alichokiona.

SWALI: Kila asubuhi ninapowasha gari, mkanda unalia kwa sauti kali kwa muda wa dakika moja au mbili, kisha unanyamaza siku nzima. Siku za mvua ni mbaya zaidi. Jirani amenipa dawa ya kupuliza kwenye mkanda, na kweli ulinyamaza kwa wiki moja, lakini sasa umerudia. Tatizo ni mkanda au ni kitu kingine?

JIBU: Mlio wa asubuhi una sababu inayoeleweka vizuri. Baada ya kuwasha injini, betri imetoa umeme mwingi kuzungusha stata, kwa hiyo alteneta inalazimika kufanya kazi kubwa kuujaza tena, na alteneta inayofanya kazi kubwa ni nzito kuzungusha. Puli yake ndiyo ndogo kuliko karibu zote zilizo kwenye mkanda huo, kwa hiyo raba inaishika kwa eneo dogo. Mkanda uliolegea au kulika utateleza hapo kabla ya kuteleza kwingine kokote, na unyevunyevu wa asubuhi unauongezea utelezi. Betri ikishajaa kidogo, mzigo unapungua na kelele inakoma. Kunyamaza kwa mchana kusikupe faraja, kwa maana udhaifu upo palepale na unasubiri mzigo wa kesho.

Lipo jaribio rahisi linaloweza kumsaidia fundi kutofautisha chanzo. Jaza maji safi kwenye chupa ya kupulizia, acha injini ingurume, kisha pulizia kidogo upande wa mkanda wenye matuta, ukiwa umeweka mikono, mikono mirefu ya shati na kila kinachoning'inia mbali na puli. Kelele ikiongezeka, mkanda unateleza kwa sababu haukazwi vya kutosha au umelika. Kelele ikipotea kwa muda mfupi kisha ikarudi, hasa ikiwa ni mlio wa kukatika-katika kama wa kifaranga, tatizo ni puli ambazo hazijapangika kwenye mstari mmoja, na mkanda unaingia kwenye mifereji kwa mshazari. Kama maji hayabadilishi chochote na sauti ni ya kukwaruza au kunguruma, shuku beringi. Injini ikiwa imezimwa, mkanda huvuliwa, na kila puli huzungushwa kwa mkono ili kusikiliza ile inayokwaruza au inayoyumba.

Kuhusu dawa ya jirani, tafadhali iweke pembeni. Dawa hizo hulainisha uso wa raba na kuufanya unate, na kwa siku chache mkanda huacha kuteleza. Lakini uso unaonata hukusanya vumbi na mchanga, raba inaharibika upesi zaidi, na wewe umeondolewa ishara pekee uliyokuwa nayo. Sabuni, nta na unga wa aina yoyote ni vivyo hivyo. Mkanda mzima, uliokazwa sawasawa, hauhitaji kupakwa kitu chochote maisha yake yote.

SWALI: Nimefunga mikanda miwili mipya katika miezi sita. Wa kwanza ulianza kunyambuka nyuzi ukingoni, na wa pili umeanza kulia. Je, ninauziwa mikanda bandia?

JIBU: Bandia zipo, na hilo siwezi kulikanusha nikiwa mbali na gari lako. Lakini dalili ulizozitaja zinanielekeza kwanza kwenye vitu vinavyouzunguka mkanda. Hapa nitachukua nafasi kidogo, kwa kuwa naamini ndilo jambo linalowagharimu wenye magari wengi kuliko mkanda wenyewe.

Mkanda hukazwa na tenshina, ambayo ni mkono wenye springi na puli ndogo mwishoni mwake. Springi hiyo inapozeeka hulegea, na kifaa cha ndani kinachotuliza mtikisiko nacho huchakaa. Kwa kuwa tenshina na mkanda huanza maisha siku moja na kufanya kazi saa zilezile, hakuna sababu ya kutarajia kwamba mmoja atakuwa amekwisha na mwenzake akawa mpya. Mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha mkanda wa gari langu na kuiacha tenshina ya zamani kwa kuwa ilionekana nzima, na baada ya wiki chache kelele ikarudi palepale; tangu siku hiyo, kwa gari lililopita kilomita 100,000, navitazama vitu hivyo viwili kama kifaa kimoja. Dalili za tenshina mbovu ni mkono unaorukaruka injini ikiwa inanguruma, alama ya kuonyesha mkazo iliyotoka nje ya mipaka yake kwenye zile zenye alama, mkono unaokwama au kukwaruza unaposogezwa kwa spana, na puli iliyokaa upande.

Ukingo ulionyambuka karibu kila mara ni ushahidi wa puli isiyokaa kwenye mstari. Huenda beringi ya puli moja imelegea, huenda alteneta au pampu ilifungwa bila boliti zake kukaa vizuri, au huenda mkanda ulivalishwa tuta moja likiwa nje ya puli. Fundi makini ataweka rula iliyonyooka usoni mwa puli na kuona ipi imetangulia au imebaki nyuma. Kuna pia magari, hasa ya dizeli, ambayo puli ya alteneta imeundwa izunguke huru kwa upande mmoja ili kumeza mishtuko ya injini. Puli hiyo ikikwama, mtikisiko wote unahamia kwenye mkanda na tenshina, na vyote viwili vinakufa mapema.

Jambo la mwisho ni mafuta. Oili inayovuja kutoka kwenye gasketi iliyo juu ya mkanda, au maji ya rejeta yenye dawa yanayodondoka kutoka kwenye pampu, huifanya raba ivimbe, iwe laini na kuteleza. Kama mkanda wako wa kwanza ulikuwa na mng'ao wa mafuta, mvujo huo ndio wa kuzibwa kwanza, na puli zote zisafishwe mifereji yake kabla ya mkanda wa tatu kufungwa.

SWALI: Shikamoo mwalimu wetu wa safu hii. Wiki iliyopita nikiwa njiani, taa nyekundu ya betri iliwaka, usukani ukawa mzito ghafla na kiyoyozi kikaacha kutoa baridi. Kwa kuwa gari lilikuwa bado linatembea, niliendelea kilomita kadhaa hadi nyumbani. Nilipofika injini ilikuwa inachemka. Fundi amekuta mkanda wa nje umekatika, ameweka mpya, lakini maji ya rejeta yanaendelea kupungua. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole sana. Kabla ya kuliendesha tena, mwombe fundi apime kama gasketi ya silinda hedi imeungua au hedi yenyewe imepinda. Maji yanayopungua bila mvujo unaoonekana nje ni dalili ya kutiliwa maanani, na ukiona moshi mweupe mzito usiokoma kwenye ekzosi hata injini ikishapata moto, au oili iliyogeuka rangi na kuwa kama maziwa kwenye kijiti cha kupimia, basi shaka inakaribia kuwa uhakika. Usikubali kuongeza maji kila asubuhi na kuendelea na safari, kwa kuwa uharibifu mdogo wa leo unaweza kuwa injini nzima mwezi ujao.

Nitaeleza kilichotokea ili wasomaji wengine wazitambue dalili hizo zikiwatokea. Zamani injini ilikuwa na mikanda kadhaa myembamba, kila mmoja ukizungusha kifaa chake, na ukikatika mmoja vingine viliendelea. Mfumo wa mkanda mmoja mrefu unaozungusha vyote ulianza kuingia kwenye magari ya kawaida mwishoni mwa miaka ya 1970, na Ford Mustang ya mwaka 1979 ni miongoni mwa ya mwanzo kuutumia. Mpango huo uliokoa nafasi na ukarahisisha ukarabati, lakini uliweka mayai yote kwenye kikapu kimoja. Mkanda wako ulipokatika, alteneta ilisimama na taa ya betri ikawaka. Pampu ya usukani ilisimama na usukani ukawa mzito. Kompresa ya kiyoyozi ilisimama. Na kwa kuwa katika injini yako mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji, maji yaliacha kuzunguka, na kuanzia hapo kila dakika ya mwendo ilikuwa inaipika injini.

Taa ya betri ikiwaka pamoja na usukani kuwa mzito, chukulia kwamba mkanda umekatika au umetoka. Tafuta mahali salama pa kuegesha, uzime injini, na uombe gari livutwe. Usukani bado unageuka, ila unahitaji nguvu ya mikono yote miwili, kwa hiyo usipatwe na hofu ukaachia. Wala usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto, kwa sababu maji yaliyo chini ya shinikizo yatakurukia na kukuunguza. Yapo magari ambayo pampu yake ya maji inazungushwa na mkanda wa taiming au na umeme, na hayo yanaweza kusogea kidogo kwa nguvu ya betri pekee, lakini usitegemee hilo kama huna hakika na lako.

Mwulize fundi wako swali moja zaidi: vipande vyote vya mkanda uliokatika vilipatikana? Katika baadhi ya injini, nyuzi za mkanda uliochanika huvutwa nyuma ya puli ya krenkishafti na kuingia ndani ya kifuniko cha taiming, na zikiuvuruga mkanda wa taiming, vali zinaweza kugongana na pistoni. Kama vipande havikuonekana, kifuniko kifunguliwe.

SWALI: Nina vifaa vyangu na napenda kufanya matengenezo madogo mwenyewe. Naweza kubadilisha mkanda huu bila kwenda gereji?

JIBU: Katika magari mengi, ndiyo, ukiwa mtulivu na injini ikiwa imepoa kabisa, ufunguo ukiwa umetolewa. Kabla hujagusa chochote, tafuta mchoro wa njia ya mkanda, ambao mara nyingi umebandikwa chini ya boneti au karibu na rejeta, na upige picha ya mkanda wa zamani ukiwa mahali pake. Hatua hii wengi huiruka, nami nasisitiza isirukwe, kwa sababu mkanda uliopitishwa vibaya unaweza kukaa kwenye puli zote na bado ukazungusha pampu ya maji kinyumenyume.

Namba ya mkanda nayo isomwe kwa makini. Mkanda ulioandikwa 6PK2100 una matuta 6 na urefu wa milimita 2,100. Ukifunga wenye milimita 2,120 kwa kuwa ndio uliopatikana dukani, tenshina inaweza kufika mwisho wa safari yake kabla ya kukaza sawasawa. Usipime urefu kwa kunyoosha mkanda wa zamani. Tumia namba ya injini yako au kitabu cha gari.

Mkono wa tenshina huzungushwa kwa spana ndefu ili kulegeza mkazo, mkanda hutolewa kwenye puli iliyo rahisi kufikiwa, na wakati huo, kabla ya kuweka mpya, zungusha kila puli kwa mkono kama nilivyoeleza kwenye barua ya mlio. Ukivalisha mpya, acha puli moja laini isiyo na mifereji iwe ya mwisho, rudisha tenshina taratibu bila kuiachia ghafla, kisha pitisha kidole kwenye kila puli kuhakikisha kwamba hakuna tuta lililobaki nje. Mwombe mtu awashe injini kwa sekunde chache na kuizima, utazame tena.

Kuna hali moja ambayo nakushauri umwachie fundi. Baadhi ya injini hazina tenshina kabisa, na mkanda wake ni wa kunyumbulika, unaovalishwa kwa kifaa maalumu. Mkanda wa aina hiyo huondolewa kwa kukatwa na haurudishwi tena, hata kama umetolewa kwa ajili ya kazi nyingine tu. Anayejaribu kuuvalisha kwa bisibisi huharibu nyuzi zake za ndani bila kuona, na hautadumu.

SWALI: Nimenunua gari la haibridi na sioni mkanda wowote wa nje. Umesahauliwa?

JIBU: Hapana. Baadhi ya haibridi, yaani magari yenye injini na mota ya umeme kwa pamoja, kama Toyota Prius kuanzia ile ya mwaka wa modeli 2010, hazina mkanda huo kwa sababu pampu ya maji, kompresa na usaidizi wa usukani vyote vinaendeshwa kwa umeme. Lakini usilichukulie hilo kuwa la haibridi zote. Zipo haibridi nyepesi za volti 48 ambazo mkanda wake unafanya kazi kubwa zaidi kuliko ya kawaida, kwa kuwa mashine moja inayokaa mahali pa alteneta huutumia kuzalisha umeme, kuwasha injini kila inapojizima barabarani, na hata kuisaidia kusukuma gari. Mkanda huo huvutwa kwa pande zote mbili, tenshina yake ni ya aina ya pekee, na muda wake wa kubadilishwa ufuatwe kama ulivyoandikwa kwenye kitabu cha gari, pamoja na mkanda wa namba ileile iliyotajwa humo.